Kondoo Aliyengojea Digrii

Kondoo aliingia uani kabla ya wenye kumleta. Alikuwa jike mnene, kichwa cheusi, mwili mweupe, na kamba mpya shingoni. Alipita katikati ya kuku, akafika mlango wa jikoni, akamtazama Elizabeth aliyekuwa akichochea chai ya wageni, kisha akaanza kutafuna kitambaa cha meza kilichoanikwa pale nje.

"Karibu basi," Elizabeth alimwambia. "Wewe angalau huna maneno mengi."

Ilikuwa Jumamosi, Agosti 2004. Elizabeth alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Noonkopir, mke wa Lesiamon, mama wa watoto wanne, tena mwanafunzi wa chuo kikuu akiwa na miaka arobaini na saba. Hilo la mwisho watu hawakuweza kulitaja bila kukohoa kidogo ili kuficha kicheko. Kila likizo, walimu wenzake walipokwenda kupumzika, yeye alibeba madaftari yake kwenda Kajiado mjini, ambako chuo kimoja cha Nairobi kilikodi madarasa ya shule ya upili ili kuwasomesha walimu walioachwa nyuma na wakati. Fahali wa Lesiamon walikuwa wameuzwa mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya karo, na kila fahali alipoondoka Lesiamon alimsindikiza kwa macho kama anayezika ndugu. Sasa kilibaki kitu kimoja tu. Elizabeth afundishe somo moja mbele ya mkaguzi kutoka chuoni. Akipita, Desemba atavaa joho. Akianguka, atangoja mwaka mwingine, na hakukuwa na fahali mwingine.

Wageni walikuwa ukoo wa ole Tajeu, waliokuja kumposa Seleyian, kifungua mimba wa Elizabeth, nesi pale Kajiado. Seleyian alikuwa amejichagulia mwanamume mwenyewe. Nyumbani alisema tu kwamba anaitwa Lemein na anafundisha, na Elizabeth hakuuliza zaidi, kwa sababu mkwe mwenye adabu haonekanionekani kwa mama wa mchumba wake. Alitaka kumwona leo, kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Ndipo sauti ikatoka sebuleni.

"Basi, wazee wangu, niseme mambo matatu tu. La kwanza..."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Elizabeth aliijua sauti hiyo, na aliyajua mambo hayo matatu ambayo kila mara huwa saba. Alisogea hadi kwenye tundu la msumari katika ukuta wa mabati, akafumba jicho moja. Pale kwenye kochi, chini ya kalenda, katikati ya wazee waliojifunga shuka, alikaa Bwana Joshua, mhadhiri wake.

"Ruqia," aliita kwa sauti ndogo. "Ruqia, njoo uone nimekufa."

Ruqia alikuwa mwalimu mwenzake na mwanafunzi mwenzake, mke wa Barre anayeuza mbuzi na kondoo pale sokoni Kitengela. Alikuwa amekuja kusaidia kupika. Alichungulia, akauma ncha ya mtandio wake.

"Wallahi ni yeye. Yule aliyekutoa darasani?"

"Huyohuyo."

Ni kweli alikuwa amemtoa. Mwaka uliopita Elizabeth alichelewa kwa sababu ng'ombe alikuwa anazaa vibaya, akaingia darasani viatu vikiwa na tope. Bwana Joshua, kijana wa kumzaa, alimsimamisha mlangoni mbele ya watu wote. "Mama, hapa ni chuo, si harusini," alisema. "Harusini ndiko watu hufika saa wanayotaka." Elizabeth alisikiliza kipindi chote akiwa nje dirishani, daftari likiwa limelala ukingoni mwa dirisha, watoto wa mtaa wakimtazama.

Wala hakuna aliyeweza kujua mapema. Chuoni Lemein alitumia jina la kanisani, Joshua, na Elizabeth aliandikwa Elizabeth Katoo, jina la baba yake, maana serikali ilimwajiri kabla hajaolewa, na kubadilisha jina serikalini ni safari ambayo yeye hakuwa na nguvu ya kuianza. Baya zaidi, wiki iliyotangulia majina ya wakaguzi yalikuwa yamebandikwa mlangoni kule kituoni Kajiado. Atakayemkagua Elizabeth Katoo ni Bwana Joshua.

Na kondoo yuko mlangoni anatafuna kitambaa.

Kwa Wamaasai, mkwe humletea mama wa binti kondoo jike. Mama akishaishika ile kamba, mambo yamekwisha. Kuanzia hapo hawaitani tena kwa majina; mama atamwita mkwe Paker, naye atajibiwa Paker, maana yake tumeunganishwa na kondoo. Hawatakula pamoja, hawatakazana macho, wala hawatajibizana. Mmoja akiingia huku, mwingine atatokea kule. Ni heshima nzuri, na imezuia ugomvi mwingi duniani, lakini aliyeianzisha hakuwahi kusikia habari za mkaguzi anayepaswa kukaa darasani na kumkodolea mama mkwe macho kipindi kizima.

"Ng'oto Seleyian!" Lesiamon alimwita mama Seleyian kutoka sebuleni, sauti imejaa furaha. "Njoo upokee mzigo wako!"

Elizabeth alishika tumbo. "Waambie limenikata. Waambie siwezi hata kusimama."

Ruqia alikwenda, akasema, tena akaongeza chumvi ya kwake kiasi kwamba mzee mmoja aliuliza kama gari la hospitali limeitwa. Wazee walitoka uani kujadiliana. Kondoo aliyeletwa hawezi kurudi na waliomleta, maana hiyo ni kukataliwa. Wala hawezi kulala katika boma la binti bila mama kushika kamba, kwa sababu atakuwa amepokelewa kinyemela. Walijadili mpaka chai ikapoa.

"Apelekwe kwa Barre," Ruqia alisema, macho chini, mwenye heshima kweli kweli. "Kwetu kondoo mmoja zaidi hata hajulikani. Mama akipona, atachukuliwa."

Basi kondoo akaondoka kwenda kukaa ugenini, mdomoni bado ana kipande cha kitambaa.

Wageni walipokwenda, Lesiamon alifunga mlango.

"Tumbo gani hili linalojua siku ya kondoo?"

Elizabeth alimweleza. Alitarajia mumewe ashtuke. Badala yake Lesiamon alipiga paja kwa furaha.

"Si hiyo ni baraka ya Enkai, Mungu wetu! Mkwe ndiye mkaguzi! Sasa unangoja nini? Shika kamba, digrii iko ndani ya nyumba."

"Ndiyo sababu siishiki. Kwanza, nikiishika hataweza kunitazama, na mtu asiyenitazama atanikagua aje? Pili, hata akiweza, watu watasema nini? Watasema nilibadilisha mtoto na karatasi."

"Watu wataongea tu."

"Waongee vingine. Hiyo digrii nimeisoma kwa koroboi, Baba Seleyian. Siwezi kukubali isemwe nilipewa na kondoo."

Seleyian alikuwa amesimama kando ya kabati, macho yamelowa. "Yeyo, mama yangu, na mimi je? Harusi ni yangu. Nitangoja kondoo akae kwa Msomali mpaka lini?"

"Mpaka nikaguliwe."

"Na kama ukianguka?"

Elizabeth alimpenda binti huyu kuliko macho yake, na swali lile lilimchoma kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajathubutu kujiuliza.

"Mimi nilikungoja miezi tisa," alisema, "na hukuniona nikilalamika. Wewe nipe mitatu tu."

Seleyian alicheka ingawa hakutaka. Mama yake alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kuchekesha watu wakati wana haki ya kununa.

Kama Lesiamon angenyamaza, jambo lingepita salama. Lakini mdomo wa Lesiamon haujawahi kuwa na zizi. Siku ya soko alisimama katikati ya wafanyabiashara wa ng'ombe, fimbo begani, akatangaza kwamba digrii ya mama watoto iko mfukoni, maana anayeitoa ndiye anayeoa. Habari ikafika shuleni hata kabla ya maziwa ya chai.

"Mwalimu Eliza," alisema Kalekye, mwalimu wa darasa la nne, akikoroga sukari polepole ili kila mtu anyamaze amsikilize. "Wengine tunatafuta digrii kwa kusoma. Wengine wanazaa wasichana warembo."

Chumba kizima kilicheka. Wengine walicheka mpaka ndani ya vikombe. Elizabeth naye akacheka, kwa sababu usipocheka wanajua wamekupata. Mwalimu mkuu hakucheka. Yeye alimvuta kando akamwuliza kwa upole kama huyo mkwe anaweza pia kumsaidia mpwa wake aliyeanguka hesabu.

Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Kalekye alikuwa mchokozi tu, lakini mwalimu mkuu alikuwa ameamini. Elizabeth alikwenda nyuma ya tangi la maji akalia kwa hasira. Miaka mitano ya kusoma, na mwishowe watu wazima wanamwona kama dalali. Ruqia alimkuta huko.

"Kondoo wako anakula kuliko Barre," alisema. "Na nafikiri ana mimba."

"Ruqia, si wakati wa mchezo."

"Si mchezo. Anakaribia kuzaa. Wewe lia haraka, umalize, halafu tufikirie."

Walifikiria. Kesho yake Elizabeth alikwenda Kajiado, kwenye ofisi ya msimamizi wa kituo, Bwana Wamalwa, mtu mkubwa wa mwili mwenye miwani ndogo. Alimwambia kila kitu bila kuruka, hata tumbo la uongo. Wamalwa alisikiliza huku mashavu yakizidi kuvimba.

"Hebu nielewe vizuri, mama. Hii kondoo imepokelewa?"

"Bado."

"Na iko wapi saa hii?"

"Kwa Barre, pale soko ya Kitengela."

"Inalindwa na watu wasio na upande?"

"Hawana upande kabisa. Ni watu wa Garissa."

Wamalwa alivua miwani, akacheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Alipojifuta machozi alisema, "Joshua alikuwa hapa jana. Ameambiwa na mchumba. Anaomba nimpeleke Loitokitok, Turkana, popote. Nikamwambia sina mtu mwingine wa kupeleka huko Kitengela. Sasa wewe unataka nini? Unamwogopa?"

"Mimi simwogopi. Mimi nataka wakaguzi wawili. Wewe ukae darasani pia. Kila mtu aandike alama zake, msichunguliane. Halafu mtu akisema nimepewa, nitamwonyesha sahihi ya mtu ambaye sina msichana wa kumpa."

Wamalwa alimtazama, safari hii bila kucheka. "Nakuonya. Mimi ni mkali kuliko yeye."

"Hiyo ndiyo nimefuata."

Siku ya ukaguzi, katika shule ya upili ambako Elizabeth alikuwa anafanyia mazoezi, wakaguzi walikawia kwenye chai ya mkuu wa shule. Elizabeth alisimama mbele ya Kidato cha Kwanza, chaki mkononi, akiwangoja, kwa sababu sheria ilimkataza kuanza bila wao. Ratiba ya somo la dini haikumhurumia. Mada ya wiki hiyo ilikuwa mahari na ukoo.

Waliingia. Wamalwa alikaa katikati ya darasa, akajaza dawati la watu wawili. Bwana Joshua alikwenda kona ya mwisho, akakaa upande upande, akayatazama mabati ya dari kama fundi aliyeitwa kuhesabu misumari. Elizabeth naye alifundisha akiitazama ramani ya Afrika ukutani, hasa Chadi. Mwanzo ulikuwa mbaya. Chaki ilivunjika, na mara mbili alimwita msichana mmoja kwa jina la dada yake. Alimwona Wamalwa akiandika kitu kirefu, akajua kinachoandikwa si sifa.

Kisha msichana wa dirishani akainua mkono. "Mwalimu, kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani. Sasa wakipatana kazini, watafanya nini? Wataacha kazi?"

Kule nyuma kalamu ilianguka, ikabingirika, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Elizabeth aliweka chaki mezani. Mambo yote ya mwezi ule yalimjia mara moja, na ajabu ni kwamba woga ulimtoka. "Swali zuri," alisema. "Wewe, dada yako anafanya kazi gani?"

"Ni nesi."

"Sawa. Kule kazini kwake, mama mkwe wa daktari akiletwa ameumwa na nyoka, daktari atakimbia?"

"Hapana!" darasa liliitikia.

"Ataangalia nini?"

"Mguu!"

"Ataangalia mguu. Heshima haimwambii asimtibu. Inamwambia aangalie kazi, asimwangalie mtu. Ninyi mnafikiri mila ziliwekwa na wajinga? Haya, nipeni mifano mingine."

Kuanzia hapo darasa likawaka. Watoto wakagombania kuinua mikono. Mmoja akasimama akaigiza babu yake akijificha nyuma ya ng'ombe ili asikutane na mama mkwe, na Wamalwa akasahau kuandika. Kengele ilipolia hakuna aliyetaka kutoka.

Mkuu wa shule alikuwa ameandaa kuku na chapati kwa wakaguzi na mwalimu. Bwana Joshua alipoona Elizabeth anavuta kiti, akabaki amesimama.

"Nimefunga," alisema akiitazama meza.

"Jumanne?" mkuu wa shule alishangaa. "Na saa ile si umekunywa chai?"

"Nimefunga baada ya chai."

Elizabeth alijua vizuri kilichomfunga. Alijua pia kwamba kamba bado iko kwa Barre, kwa hiyo yeye alikuwa mtu huru. Alijipakulia paja. Alilila taratibu, akausafisha mfupa, akasifu mpishi, kisha akauliza kama kuna paja lingine. Tumbo la Bwana Joshua lilinguruma hadi Wamalwa akaomba radhi kwa niaba yake.

Majibu yalikuja Oktoba. Elizabeth amepita, bila mbwembwe. Wamalwa alimpa alama za juu kidogo, na Bwana Joshua, aliyeogopa kusemwa, za chini kidogo. Chini ya fomu Bwana Joshua alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: *Alama zimepunguzwa kwa sababu mwalimu alichelewa kuanza somo.*

Elizabeth aliyasoma hayo akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa amekaa. Halafu akaikunja fomu, akacheka peke yake, cheko fupi ambalo Lesiamon alilisikia akiwa nje na likamtia wasiwasi.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Mwambie Seleyian apange siku. Desemba, nikishavaa joho."

Alipeleka fomu shuleni akaiacha juu ya meza ya chai bila neno. Kalekye aliisoma yote, akaona sahihi mbili na zile alama zilizopunguzwa. "Mkwe amekukata?" aliuliza.

"Amenikata."

Kalekye aliguna, akamsogezea sukari. Hajawahi kuomba msamaha mkubwa kuliko huo.

Joho lilivaliwa, picha zikapigwa, na Lesiamon aliimba mpaka askari wa chuo akamwomba akae. Wiki iliyofuata ikawa harusi. Wageni walisema watafika saa nne asubuhi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mbuzi alikauka kwenye moto, wazee wakasinzia kwenye viti vya kukodi. Saa saba na nusu ndipo ukoo wa ole Tajeu ulipotokea, vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wamepitia kwa Barre kumchukua kondoo, na kondoo alikataa kuondoka bila mwanawe, aliyekuwa amejificha chini ya gari. Mwana huyo alizaliwa Septemba, na Ruqia alikuwa amemwita Digrii.

Elizabeth alikuwa amesimama langoni, shanga shingoni, shuka jekundu begani. Bwana Joshua alikuja mbele akiwa ameshika kamba, uso chini.

"Simama hapohapo," Elizabeth alisema.

Akasimama. Wote wakasimama. Seleyian, aliyekuwa mlangoni amepambwa, alifumba macho akaomba Mungu.

"Mwalimu Joshua," Elizabeth alisema. "Nikishika hiyo kamba sitakuita hivyo tena maisha yangu yote, na wewe hutanijibu. Kwa hivyo niko na dakika moja, na nitaitumia. Uliniweka dirishani kwa kuchelewa. Ukasema chuo si harusi, harusini ndiko watu hufika saa wanayotaka. Nimengoja nikuambie ulikosea. Hata harusini watu wako na saa. Angalia mbuzi wangu amekuwa makaa."

Wazee waliamka mmoja mmoja. Ruqia aliuma mtandio.

"Na siku ile ya ukaguzi, mliochelewa ni ninyi, mkinywa chai ya mkuu wa shule. Ukanikata mimi. Nilikubali. Nilikuwa nataka alama zenye hazina kondoo ndani, na ulinipa, hata ulizidisha. Kwa hiyo moja nakushukuru. Kwa hayo mengine, Mwalimu, hata leo nimekasirika."

Jasho lilimtoka Bwana Joshua. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, aliinua macho akamtazama. "Mama, kuhusu zile alama, naomba nieleze mambo matatu tu. La kwanza..."

Elizabeth alinyoosha mkono akaishika kamba.

"Paker," alisema.

Akavuta shuka usoni, akageuka, akaenda zake. Kondoo akamfuata, na Digrii akamfuata mama yake. Bwana Joshua alibaki langoni kidole kimeinuliwa, na mambo yake matatu mdomoni, ambayo sasa hatamwambia kamwe. Lesiamon alimshika mkono kwa huruma.

"Ingia ule," alimwambia. "Mimi nimeoa hapa miaka ishirini na saba na bado sijapata nafasi ya kujibu."

Jikoni, Elizabeth alifunga kamba kwenye mguu wa meza. Alikaa juu ya debe, akacheka na kulia pamoja, kwa ajili ya Seleyian aliyekuwa anaondoka, na fahali waliokwenda, na lile dirisha. Nyuma ya ukuta wa mabati alisikia miguu ikisogea, ikasita, kisha sauti aliyoijua ikatoka, ndogo, ikisema neno moja tu.

"Paker."

Elizabeth hakuchungulia. Alichagua pande zuri la nyama ambalo halikuungua, akaliweka kwenye sahani safi, akampa Ruqia ampelekee mkwe wake, maana alijua ana njaa tangu ile Jumanne.